Kutoka Miaka 18 Kurudi Nyuma: Namna ya Kumfikisha Kijana Cheo cha Eagle

Mwanangu wa kwanza alikosa cheo cha Eagle cha skauti wa Marekani kwa wiki 6. Uwezo alikuwa nao. Beji zote 21 alikuwa amezipata, aliwahi kuongoza kikosi (sehemu ndogo ya kundi la skauti), hata wazo la mradi lilikuwa tayari. Kilichomwangusha ni tarehe. Alipandishwa Life, cheo kinachotangulia Eagle, akiwa na miaka 17 na miezi saba na nusu. Kanuni inadai miezi 6 ya ushiriki baada ya Life, na yote yaishe kabla ya siku ya kutimiza miaka 18. Hesabu ikakataa. Mimi na baba yake tulikuwa tunaichukulia skauti kama shule: hudhuria, tii, mwaka ukigeuka utapanda. Jioni tulipoelezwa, mtoto alivua skafu, akaikunja mara nne, akaiweka mezani bila neno.

Mdogo wake alipofika miaka 11 nilitundika kalenda jikoni. Nilianza na siku yake ya kutimiza 18, nikahesabu kurudi nyuma. Huyo alifika. Tangu hapo nimekaa na wazazi wengi wa kwetu walioko Marekani, Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania wenzangu, tukahesabu pamoja. Haya ndiyo ninayowaambia.

Eagle, yaani Tai, ndicho cheo cha juu kabisa cha kijana wa skauti nchini Marekani. Wa kwanza kukipata alikuwa Arthur Eldred wa jimbo la New York, mwaka 1912. Rais Gerald Ford alikuwa nacho, na Neil Armstrong aliyekanyaga mwezini mwaka 1969 pia. Chama chenyewe kiliitwa Boy Scouts of America mpaka Februari 2025. Sasa kinaitwa Scouting America. Tangu Februari 2019 wasichana nao wanajiunga na makundi ya vijana wa miaka 11 hadi 17 na kupanda vyeo vilevile, na mwaka 2021 walitambuliwa Eagle wa kwanza wa kike. Kwa hiyo binti yako yumo. Girl Scouts ni chama kingine kabisa, chenye tuzo yake ya juu iitwayo Gold Award, na mwongozo huu hauhusu hiyo.

1. Kalenda kabla ya sare

Vyeo ni 7 na hupandwa kwa mfuatano: Scout, Tenderfoot, Second Class, First Class, Star, Life, kisha Eagle. Mpaka First Class hakuna miezi mirefu ya kusubiri. Mtoto anaweza kufanyia kazi masharti ya vyeo vinne vya mwanzo kwa pamoja, ingawa atavivaa kimoja baada ya kingine. Baada ya hapo saa inaanza kuhesabu. Kutoka First Class kwenda Star ni miezi 4. Star kwenda Life, miezi 6. Life kwenda Eagle, miezi 6 mingine. Jumla miezi 16, na hakuna kiongozi wa kundi mwenye mamlaka ya kuipunguza hata kwa siku moja.

Toa miezi 16 kwenye miaka 18, unabaki na miaka 16 na miezi 8. Huo ndio ukingo wenyewe. Kijana aliyeuvuka bila First Class, Eagle imeshampita. Mimi huwaambia wazazi walenge First Class kabla ya miaka 14 na Life kabla ya miaka 16, kwa sababu mwaka wa mwisho wa sekondari huja na maombi ya vyuo, kazi ya jioni na leseni ya udereva, na skauti ndiyo huwa ya kwanza kusukumwa pembeni.

Kuna nafasi ya kuomba kuongezewa muda, lakini ni kwa jambo zito lililo nje kabisa ya uwezo wa kijana, mfano ugonjwa mkubwa uliomlaza miezi, na ombi hupelekwa kwenye baraza la skauti la eneo. Kusahau hakumo. Kijana mwenye ulemavu wa kudumu ana utaratibu wake: anaweza kuruhusiwa kuendelea kupita miaka 18 na kubadilishiwa baadhi ya beji. Mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo aulize mapema, tena kwa maandishi.

2. Maji

Hili naliweka peke yake kwa sababu ndilo linalowakwamisha watoto wetu kuliko lolote. Mimi ni wa Tanga, nimekulia karibu na bahari, na kuogelea sikufundishwa. Watoto waliozaliwa kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma watajifunzia wapi? Wazazi wakisikia kwamba miongoni mwa beji za lazima unachagua moja kati ya kuogelea, kutembea masafa marefu au kuendesha baiskeli, wanashusha pumzi: mtoto atatembea. Sawa, beji atachagua. Lakini cheo cha Second Class kinamtaka aruke kwenye maji yanayompita kichwa, aogelee futi 25, ageuke na kurudi. Na First Class inadai jaribio kamili: yadi 100 bila kupumzika, 75 za mwanzo kwa mtindo wenye nguvu na 25 za mwisho kwa mgongo taratibu, kisha aelee akiwa ametulia. Pasipo First Class hakuna Star, hakuna Life, hakuna Eagle.

Kwa hiyo mwezi uleule mtoto anapojiunga na skauti, mwandikishe pia masomo ya kuogelea. YMCA nyingi hupunguza ada kwa familia yenye kipato kidogo ukiwaomba. Binti akitaka nguo ya kuogelea inayomstiri, mnunulie na umjulishe mwalimu kabla ya siku ya kwanza. Usisubiri kambi ya kiangazi ndipo aingie ziwani kwa mara ya kwanza mbele ya wenzake 200.

3. Beji 21, na nne zinazokula miezi

Beji za stadi ziko zaidi ya 130. Kwa Star anahitaji 6, nne kati yake zitoke kwenye orodha ya lazima. Kwa Life zifike 11, saba kati yake za lazima. Kwa Eagle 21 pamoja na orodha yote ya lazima. Orodha hiyo hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo fuata toleo la mwaka huu, siyo kitabu alichoachiwa na binamu yake. Huduma ya kwanza, upishi, mawasiliano, uraia wa jamii, wa taifa na wa dunia, hizi zinakwenda haraka kijana akijituma. Beji ya uraia wa jamii itampeleka kwenye mkutano wa halmashauri ya mji au bodi ya shule, na kujitolea saa 8 kwenye shirika la hisani. Nenda naye. Mimi ndipo nilipojua namna uamuzi wa kituo chetu cha basi ulivyofanyika.

Zinazochelewesha ni nne, na ningependa mtoto azianze zote ndani ya wiki moja. Personal Fitness ina mazoezi ya wiki 12 ya kurekodi. Personal Management ina wiki 13 za kuandika mapato na matumizi. Family Life inadai siku 90 za kazi za nyumbani zilizoandikwa kwenye orodha. Camping inataka usiku 20 wa kulala kambini na skauti, na kambi ndefu ya wiki moja huhesabiwa usiku 6 tu. Zinabaki 14, ambazo ni kama wikiendi 7 za kulala Ijumaa na Jumamosi. Kijana anayekosa kambi kila mwezi kwa sababu kuna harusi au sherehe ya komunyo hatazipata. Kaeni mgawane wikiendi mwaka mzima, Januari.

Kuosha vyombo na kumwangalia mdogo wake kwa siku 90 hakutamsumbua mtoto wa kwetu. Kitakachowasumbua ni mazungumzo. Family Life inataka kikao cha familia, na kati ya yanayozungumzwa ni fedha za nyumbani, madawa ya kulevya na mabadiliko ya mwili. Siku ile mwanangu alikaa mezani na daftari lake akaniuliza, “Mama, nyumbani tunatuma kiasi gani kwa mwezi?” Kalamu ilikuwa tayari imegusa karatasi. Nilitaka kumwambia hayo si ya watoto. Nikamtajia. Aliandika namba, akaiangalia, akaandika pembeni karo ya binamu zake wawili na dawa za bibi yake. Baada ya hapo hakuniomba viatu vya dola 140 tena, na wala sikumhubiria.

Kabla ya kuanza beji yoyote kijana azungumze na kiongozi wa kundi, kisha apewe mshauri wa beji aliyesajiliwa. Asikutane na mshauri peke yake. Lazima awepo mtu mzima mwingine, nayo ni kanuni ya kulinda watoto, usione haya kuisimamia. Akimaliza, kuna kadi ya buluu yenye vipande vitatu, na kipande kimoja ni chake. Piga picha kila kadi siku hiyohiyo, na mara moja kwa miezi mitatu hakikisha kumbukumbu za kundi zinalingana na zako. Nimeona kadi ya beji ngumu ikipotea viongozi walipobadilishana, na kijana akalazimika kumtafuta mshauri aliyekwishahamia jimbo lingine.

Na wewe mzazi muuguzi, mpishi, mhasibu, fundi wa magari: jiandikishe uwe mshauri wa beji. Kuna mafunzo ya kulinda watoto na kukaguliwa rekodi yako, basi. Watoto wote wa kundi wanafaidika wanapofundishwa huduma ya kwanza na mama aliyefanya kazi zahanati ya Kasulu.

4. Kuongoza kwa cheo kinachokubalika

Star inadai miezi 4 ya uongozi, Life miezi 6, na Eagle miezi 6 mingine akiwa tayari ana Life. Siyo kila nafasi inahesabiwa. Msaidizi wa kiongozi wa kikosi hahesabiwi kwa cheo chochote. Mpiga tarumbeta anahesabiwa kwa Star na Life, kwa Eagle hapana. Kiongozi wa kikosi, katibu, mtunza vifaa, mkufunzi, mtunza historia, msaidizi wa ibada, hao wote wanakubalika. Uchaguzi wa kundi mara nyingi hufanyika kila miezi 6, kwa hiyo ukikosa mmoja umepoteza nusu mwaka. Mtoto wetu amefundishwa kungoja aitwe na wakubwa. Hapa hataitwa. Mwambie amfuate kiongozi mkuu wa kundi na kusema wazi kwamba anataka nafasi, na anataka ipi.

5. Mradi

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na wazazi tunachangia. Mradi wa Eagle haupimwi kwa ukubwa wa kilichojengwa. Unapimwa kwa namna kijana alivyopanga na kuwaongoza wengine. Hakuna idadi ya saa iliyowekwa. Akijenga daraja zuri kwa mikono yake mwenyewe, hajafanya mradi. Akiwaongoza watu 10 kujenga benchi nne, amefanya.

Anaweza kuanza tu akiwa na Life. Anayenufaika awe shule, taasisi ya dini au jamii, ila siyo skauti wenyewe wala biashara. Kazi ya kawaida ya kila siku, kama kufyeka nyasi, haifai, na mradi ambao ni kuchangisha fedha peke yake haufai. Jamii inaweza kuwa hata ya mbali: kijana anaweza kuandaa vifaa kwa ajili ya shule ya Kigoma au Bukavu, ilimradi kazi ya kuongoza aifanye mwenyewe na ionekane. Lakini pigeni kwanza hesabu ya kusafirisha na ushuru wa bandarini. Nimeshuhudia masanduku ya vitabu yakikaa gereji miaka miwili.

Mwanangu alichagua bustani iliyo nyuma ya kanisa moja, ambako wazee wa Kikongo na Kirundi hulima lengalenga, matembele na maboga. Alikwenda hapo kiangazi kizima kunisaidia kuvuna, akaona bibi mmoja akipiga magoti kwa kushika ndoo, na kuinuka kwa kushika ndoo ileile. Wazo likatoka pale: matuta yaliyoinuliwa kwa mbao, kimo cha kiuno, mtu alime akiwa amesimama au ameketi kwenye kiti.

Kuna daftari rasmi la mradi, linapatikana bure kwenye intaneti. Tumia hilo tu. Sehemu ya kwanza ni pendekezo, kurasa chache: nini, kwa nani, kwa nini, kwa vifaa gani, hatari zipi. Pendekezo linahitaji sahihi nne kabla ya msumari wa kwanza kupigwa: ya mnufaika, ya kiongozi wa kundi, ya kamati ya kundi, na ya baraza au wilaya ya skauti. Akianza kazi kabla ya sahihi hizo anaweza kuambiwa atafute mradi mwingine. Weka miezi miwili ya kuzipata, kwa sababu wanaotia sahihi ni watu wa kujitolea wenye kazi zao.

Baada ya sahihi ndipo anapoandika mpango wenyewe: mbao ngapi, skrubu ngapi, nani ataleta drili, mvua ikinyesha itakuwaje, chakula cha mchana, sanduku la huduma ya kwanza, nani atakuwa na simu ya dharura. Fedha zikitoka kwa mnufaika, kwenu wenyewe, kwa ndugu au kwa kundi, hakuna ombi la ziada. Zikichangwa kwa watu wengine au maduka, kuna fomu ya ruhusa ya kujaza kwanza, na zinazobaki si za kijana, hurudi kwa mnufaika.

Siku yenyewe, kaa mbali. Nasema hivi nikijua ugumu wake. Walikuja watu 14, wakiwemo wazee wa bustani. Papa mmoja wa Uvira (Wakongo humwita hivyo mzee), fundi seremala wa miaka mingi, alishika msumeno akaanza kukata anavyojua yeye, na vipimo vikawa vinapotea. Mimi nilishainuka kwenye kiti. Mwanangu alimfuata, akasimama kidogo pembeni yake mpaka msumeno uliponyamaza, kisha akasema, “Papa, nakuomba unishikie ubao upande huu, nipime, halafu wewe ndiye utakata yote.” Mzee alimtazama, akaangalia karatasi ya vipimo, akarudi nyuma hatua moja. “Sawa, chef,” akasema, yaani bosi, na kutwa nzima aliendelea kumwita hivyo. Kijana alikuwa amepata namna ya kumpa mkubwa heshima yake na kazi ikaenda. Ningeingilia, lisingetokea.

Mwisho wa mradi anaandika ripoti: kilichobadilika, kilichoharibika, alichojifunza kuhusu kuongoza, picha, saa za kila mtu, risiti. Mnufaika na kiongozi wa kundi wanatia sahihi. Iandikwe wiki hiyohiyo, kabla ya kusahau.

6. Karatasi za mwisho na jopo

Fomu ya maombi ya Eagle ina tarehe za kila cheo na kila beji, na ofisi ya baraza huilinganisha na kumbukumbu zake neno kwa neno. Tarehe moja ikipishana inarudishwa. Atataja watu wa kumshuhudia: wazazi, kiongozi wa dini, mwalimu, mwajiri kama anaye, na wengine wawili. Shehe wa msikiti wenu anafaa sawasawa na mchungaji. Wajulisheni mapema kwamba wataandikiwa, na kama Kiingereza kinamtatiza shehe au mchungaji, atafutiwe mtu wa kumsaidia, siyo kijana mwenyewe.

Ataambatisha pia maelezo ya malengo yake ya maisha, pamoja na orodha ya nafasi alizoshika nje ya skauti. Hapa watoto wetu huacha pengo wakidhani hawana cha kuandika. Wanaofundisha juzuu ya kwanza madrasa, wanaoongoza kwaya ya watoto, wanaowatafsiria majirani hospitalini na shuleni tangu wakiwa na miaka 10: hayo yote yaandikwe, na mwaka yalipoanza.

Kisha kuna mazungumzo na kiongozi wa kundi, ambayo nayo lazima yafanyike kabla ya miaka 18. Jopo la mahojiano peke yake ndilo linaloweza kukaa baada ya hapo. Jopo lina watu 3 hadi 6, wote wa miaka 21 au zaidi. Mzazi haingii, na kiongozi wa kundi lake si mjumbe. Siyo mtihani wa kufunga mafundo. Watamuuliza alikwama wapi kwenye mradi, kiapo cha skauti anakiishije shuleni, angebadilisha nini kwenye kundi. Uamuzi wa kumpitisha lazima uwe wa wote.

Mfanyishe mazoezi nyumbani kwa jambo moja. Sisi tumewalea wasimkodolee macho mkubwa anapozungumza nao, na wajibu kwa ufupi. Mbele ya jopo la Kimarekani, macho yaliyoinama husomeka kama kutojiamini au kuficha kitu. Mweleze kwamba chumbani mle kumtazama mtu mzima usoni ndiyo heshima, na kwamba swali linataka hadithi, siyo “ndiyo”. Kijana mmoja mwenye asili ya Nyeri aliwaambia wajumbe kwamba kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti aliyefariki Januari 1941, liko mjini kwao, na babu yake alimpeleka kuliona akiwa na miaka 7. Alizungumza dakika kumi bila kuulizwa tena.

7. Ikiwa muda umebaki

Akipitishwa akiwa na beji zaidi ya 21, hupewa nembo za kuti la mtende: 5 za ziada ni kuti la shaba, 10 la dhahabu, 15 la fedha. Akiendelea kupata beji kabla ya miaka 18 anaweza kuongeza mengine. Sherehe ya kumvika Eagle mnaipanga wenyewe na kundi, na pilau inaruhusiwa. Siku hiyo anakabidhiwa pini ndogo ya kumpa mtu mmoja aliyemlea katika safari hii, mwache achague. Wangu alimvika kaka yake.

Cheti hutoka makao makuu ya taifa na huweza kuchukua wiki kadhaa. Mpaka kifike, kadi, risiti, nakala ya fomu na ripoti ya mradi zikae kwenye faili moja, juu ya kabati, mbali na wadogo. Nakala nyingine iwe kwenye simu yako, kwa sababu jeshi likimwajiri kwa daraja la juu zaidi kwa sababu ya Eagle, au chuo kikitaka uthibitisho wa ufadhili, wataomba karatasi.